Sebule Moja, Watu Saba

Hapa Mtwara fedha za korosho zikianza kuingia mwishoni mwa mwaka, utaona magari yanapita mtaani yamebeba makochi. Makubwa, yenye mikono minene, bado yamefunikwa nailoni. Mengine yanaelekea Tandahimba, Newala na Masasi, mengine yanaishia papa hapa mjini, kwenye sebule za futi 12 kwa 14. Sina ugomvi na mtu anayenunua kochi kwa jasho lake. Ila nimeishi muda mrefu kwenye nyumba zenye watu wengi, utotoni kule Lindi na sasa nikiwa na familia yangu Mikindani, na nina msimamo ninaousema wazi kwa kila anayeniuliza: sebule ya familia haianzi na kochi. Inaanza na upepo, halafu ukuta, halafu mahali pa kuweka vitu. Kochi linakuja mwisho, na pengine lisije kabisa.

Sisi ni saba. Mimi, mume wangu, watoto wanne, na mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Newala miguu ilipoanza kumsumbua. Vyumba vya kulala ni viwili. Kwa hiyo sebule yetu ndiyo mahali pa kula, pa kusomea, pa kupokea wageni, pa mama kusukia ukili wake wa mikeka, na usiku vijana wetu wawili wanalala humo humo. Chumba chenye kazi zote hizo huwezi kukipamba kwa kuangalia picha kwenye simu. Picha zile ni za watu ambao wana chumba kingine cha kulala, kingine cha kulia, na stoo.

Nilianza na kazi isiyo na gharama. Nilikaa nikaangalia nani anakaa wapi, saa ngapi, na kwa nini. Asubuhi watoto wanavalia viatu mlangoni, kwa hiyo viatu havitoki pale hata ufanyeje. Saa saba mchana hakuna mtu ndani, wote wako barazani. Jioni wote wanasongamana kona moja, kwa sababu soketi ya kuchajia simu iko pale. Madaftari yanarundikwa juu ya televisheni kwa sababu ndiyo sehemu pekee iliyo bapa ambayo mtoto mdogo haifikii. Niliandika yote hayo nyuma ya daftari la matumizi. Nikaona kwamba kila fujo ndani ya chumba kile ilikuwa na sababu yake, na ukiiondoa fujo bila kugusa sababu, kesho yake inarudi.

Sababu ya kwanza ilikuwa joto. Mtwara ipo karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta, na jambo hilo mwenye nyumba anatakiwa kulijua kabla hajapigilia msumari. Mwezi wa Juni jua linapita upande wa kaskazini, nako hakuna baridi ya kutisha lakini kumepoa, kwa hiyo jua la dirisha la kaskazini halina shida. Desemba, wakati wa joto lenyewe, jua linahamia kusini, na dirisha la kusini ambalo lilikuwa na kivuli miezi mingi linaanza kuingiza mwanga mkali. Dirisha la magharibi halina nafuu mwezi wowote. Upepo nao una zamu zake: kusi katikati ya mwaka, kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi. Chumba kikiwa na tundu la upande mmoja tu, nusu ya mwaka kimekufa.

Kwetu dirisha la kaskazini lilikuwepo, ila kabati la vyombo lilikuwa limesimama mbele yake na kuziba zaidi ya nusu. Tulilihamishia ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na jua la alasiri. Siku ile ile chumba kilibadilika. Upepo uliingia huku ukatoka kule, na mama mkwe aliyekuwa barazani akaingia ndani mwenyewe saa nane mchana akauliza tumefanya nini. Hatukuwa tumenunua kitu.

Mapazia yakafuata. Watu wengi huku wanapenda mapazia mazito ya velveti, na naelewa, nyumba inaonekana imetulia. Kwenye dirisha la magharibi yana kazi, tena kazi nzuri, nami ninalo moja pale. Kwenye madirisha mengine yanazuia hewa tu. Nilichagua mashuka meupe ya pamba kwenye mitumba, yale ya zamani yenye uzito kidogo, nikayakata na kuyapiga pindo, nikayatundika nusu dirisha. Yanafunika kuanzia chini hadi usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama nje, juu nimepaacha wazi. Anayepita hakuoni, na hewa ya moto, ambayo kawaida yake ni kupanda, inapata njia ya kutokea. Usiku wa joto tunayavuta kabisa pembeni.

Kuhusu fimbo za kutundikia, mtu anayekaa karibu na bahari akwepe bomba za chuma za bei rahisi. Upepo wa chumvi unazila, kutu inashuka kwenye kitambaa, na doa la kutu kwenye pamba nyeupe halitoki kirahisi. Tunatumia mianzi. Mwanzi mbichi unaliwa na bungua, utaona unga mweupe unadondoka chini kila asubuhi, ndiyo maana watu wa pwani huuloweka kwanza kwenye maji ya bahari kwa majuma kadhaa, umefungwa jiwe usielee, kisha wanauanika kivulini. Jirani yetu mvuvi alituwekea yetu karibu na mtumbwi wake. Hadi leo iko salama.

Sasa ukuta. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopotezea fedha nyingi.

Nyumba yetu tuliinunua ikiwa imepigwa rangi ya mafuta, kijani kibichi chini na krimu juu. Kila msimu wa mvua ile ya kijani ilikuwa inavimba na kubanduka, plasta inatoa unga, na harufu ya ukungu inakaa ndani hadi Mei. Dukani ushauri ulikuwa ule ule: nunua rangi nyingine ya bei zaidi. Mimi nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa chokaa, aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba za mawe za hapa Mikindani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nyumba ya nani inaumwa?”

Alikuja, akaweka kiganja ukutani, akakwangua kidogo kwa ukucha. Akasema, “Ukuta huu unatoa jasho, na nyie mmeuvalisha nailoni.”

Akanieleza vizuri kabisa. Maji yanapanda kutoka ardhini yakipitia kwenye tofali na plasta. Yanataka kutoka. Chokaa ina vitundu visivyoonekana kwa macho, inayaacha yatoke yawe mvuke. Rangi ya mafuta inayafungia, nayo yanaisukuma kwa nyuma mpaka inabanduka. Ndiyo maana wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na kuta zao zimesimama. Boma la hapa Mikindani, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895, bado liko juu ya kilima, jeupe, na kila mtu wa Mtwara analijua. Kuta zetu ni za tofali za saruji, si za matumbawe, lakini unyevu unaopanda ni ule ule.

Kazi kubwa si kupaka, ni kukwangua. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, kwa hiyo rangi yote ya zamani lazima itoke hadi plasta ionekane. Watoto walifunga leso puani wakakwangua na vipande vya bati na msasa, na kwa kweli waliifurahia kuliko kazi yoyote niliyowahi kuwapa. Chokaa ya mfuko tuliiloweka kwenye ndoo ya plastiki usiku kucha, asubuhi tukaichuja kwa kanga kuukuu kuondoa mabonge. Tukalowesha ukuta kwanza. Mzee alisisitiza hilo sana: ukuta mkavu unafyonza maji ya chokaa kabla haijashika, ikikauka inabaki unga tu. Tukapaka nyepesi, tukaacha ikauke, tukarudia mara tatu. Mkono wa kwanza unakatisha tamaa, huoni kitu zaidi ya ukuta uliolowa. Ikikauka ndipo weupe unajitokeza.

Watu wengi hutia chumvi kwenye chokaa ili ishike. Mzee wetu hakutaka, kwa sababu chumvi inavuta maji, na ukuta wetu tayari ulikuwa na maji ya kutosha. Kwenye ukuta mkavu alisema hana neno. Tulipenda pia isiwe nyeupe tupu inayoumiza macho, akatuongezea rangi ya unga kidogo sana, ile nyekundu na ya njano wanayotia kwenye sakafu. Ikawa rangi ya mchanga uliolowa. Changanya ya kutosha ukuta mzima kwa mara moja, maana ndoo ya pili hailingani na ya kwanza hata upime vipi.

Na hili nalisema kwa msisitizo: chokaa inaunguza. Ikiingia jichoni ni hatari ya kweli. Anayepaka avae miwani na glavu, watoto wadogo wakae mbali, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikimrukia mtu jichoni, msuuze kwa maji mengi bila kuacha, kisha hospitali.

Mfuko mmoja wa kilo 25 ulitosha na ukabaki. Ukijumlisha chokaa, brashi na ujira wa mzee, hatukufikia nusu ya bei ya ndoo ya lita 20 ya rangi nzuri ya dukani.

Chokaa ina kasoro moja, ukiiegemea inakuachia weupe mgongoni. Nilifikiria tuweke rangi ya mafuta kwa chini, lakini tungekuwa tumerudi kule kule. Mama mkwe ndiye aliyepata jawabu. Alisuka ukili wa majani ya milala, upana wa kama futi mbili ukishashonwa, urefu wa ukuta mzima. Tukaupigilia nyuma ya sehemu za kukalia, lakini kwanza tuliweka fito nyembamba ukutani ili mkeka usigusane na ukuta, hewa ipite katikati, usije ukaota ukungu. Ana macho ya rangi, mama huyu. Aliweka zambarau iliyokolea na michirizi ya kijani, akaacha sehemu kubwa ikiwa na rangi yake ya asili. Wageni wote wanauliza umenunuliwa wapi.

Tulipofika kwenye viti, mume wangu alikuwa na mawazo yake. Mgao wake wa korosho za shamba la familia ulikuwa umeingia, na alitaka seti ya makochi.

“Mama watoto, wageni wakija watakaa wapi?”

“Wageni wetu wanakuja lini, baba watoto?”

“Sikukuu. Na Jumapili.”

“Na vijana wanalala lini?”

Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua futi kamba na chaki. Tukachora makochi sakafuni, kwa vipimo alivyopewa dukani: la watu watatu futi 7 kwa 3, la wawili futi 5 na nusu kwa 3, na mawili ya mtu mmoja. Tukachora na meza ya katikati. Tukawaita watoto wapite bila kukanyaga mistari. Haikuwezekana. Godoro la vijana halikuwa na pa kutandikwa, na mama mkwe na mkongojo wake asingefika mlangoni bila kuzunguka. Mume wangu aliangalia, akafuta chaki kwa mguu. Hatukubishana tena. Ukitaka kununua kitu kikubwa, nakusihi ukichore kwanza sakafuni na mkae nacho jioni nzima. Chaki haigharimu kitu.

Badala yake tulitengenezesha mabenchi mawili yenye sanduku ndani, yamekaa kona kwa kona. Kila moja futi 6 kwa 2 na nusu, kimo inchi 13, na godoro la inchi 4 juu yake. Mchana wanakaa watu, usiku kila kijana analala kwenye lake. Ndani ya masanduku kuna mashuka, mito, chandarua na nguo za sikukuu. Seremala alitaka kuweka mfuniko mmoja mrefu, nami nikamwomba aukate vipande vitatu, ili mtoto anayetaka shuka lake asiwainue watu wote waliokaa. Nilimwomba pia atoboe matundu ubavuni na nyuma. Kwa unyevu wetu, nguo iliyofungiwa kwenye sanduku lisilopumua inatoa harufu ndani ya wiki. Na tuliyainua kutoka sakafuni kwa miguu ya inchi 3, fagio lipite na mchwa wakianza kujenga tuwaone mapema.

Mbao za mbele na mifuniko ni za mkongo, kwa sababu zinaonekana na zinabeba uzito. Za ndani na nyuma tulizitoa kwenye paleti kuukuu (vichanja vya mbao vya kupakilia mizigo) zinazouzwa rahisi mjini. Kwenye paleti kuna jambo la kuangalia. Paleti za mizigo ya kimataifa hugongwa muhuri. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, hizo unaweza kuzitumia ndani ya nyumba. Herufi MB maana yake zilifukizwa dawa ya sumu ya kuua wadudu, hizo ziache, hasa kwa kitu ambacho mtoto atalalia. Isiyo na muhuri, au yenye madoa ya mafuta na kemikali, iache pia. Tulipiga msasa hadi mkono ukapita bila kukwaruzwa, tukang'oa kila msumari.

Magodoro niliyavalisha kitenge kizito, chenye zipu, ili kivuliwe na kufuliwa. Mito ya kuegemea niliitengeneza kwa kanga. Kanga moja, yaani nusu ya doti, ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo, inatoa mito mitatu ya sentimita 45 ukipanga vizuri. Fua kwanza kabla ya kukata, wanga utoke na kitambaa kinywee kabisa. Mimi hukata pindo lizunguke ukingo na jina la kanga likae katikati ya mto mmoja. Wageni wanasoma, wanacheka, mazungumzo yanaanza.

Nirudi kwa mama mkwe, maana yeye ndiye aliyenifundisha kitu ambacho sikukisoma popote. Tulipokuwa tunapanga, kila mmoja wetu alikuwa na wazo la wapi mama akae. Mume wangu alitaka akae ndani kabisa, kwenye kona tulivu, kama heshima. Mimi nikamuuliza mwenyewe.

“Mama, wewe ungependa kukaa wapi?”

“Mwanangu, nipeni mahali ninapouona mlango.”

Anataka kumwona anayeingia, aitikie hodi, ajue mtoto gani amerudi shule na yupi bado. Kona tulivu ingekuwa kumtoa kwenye maisha ya nyumba. Kwa hiyo kiti chake kiko karibu na mlango, si benchi, ni kiti chake peke yake. Kimo chake ni inchi 18, maana kiti kifupi kinamtesa magoti kuinuka, na kina mikono imara ya kushikilia. Chini yake kuna magunia mawili ya katani yaliyobebea korosho, tumeyafua na kuyakunja mdomo mara mbili yasimame yenyewe. Moja lina ukili uliokwisha kusukwa, lingine milala mikavu. Mgeni akiingia anasukuma magunia chini ya kiti kwa mguu, na chumba kiko safi.

Karibu naye, ukutani, tuliweka meza ya kukunja kwa ajili ya masomo. Ni ubao wa futi 4 kwa futi 1 na nusu, una bawaba kwa chini na minyororo miwili ya kuushikilia. Ukimaliza unaunyanyua unalala ukutani. Nunua bawaba za shaba ukizipata, za chuma cha kawaida hazimalizi misimu miwili kwa hewa yetu. Juu ya meza kuna taa yake. Taa moja katikati ya dari humfanya mtoto asome kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Bibi hasomi maandishi madogo tena, lakini anasikia. Mtoto akisoma kwa sauti akaruka mstari, anamwambia, “Hapo hujasema, rudia.” Mtoto wetu wa tatu, aliyekuwa akikimbia vitabu, sasa anakaa pale hadi chakula kiive. Siwezi kusema ni meza iliyofanya hivyo. Nadhani ni kukaa karibu na bibi.

Vitu vingine tulivipangia mahali kwa kufuata kimo cha anayevitumia. Viatu vya watoto viko kwenye rafu ya chini mlangoni, kwa sababu ndipo vilipokuwa vinakaa tangu mwanzo. Madaftari yako kwenye shubaka tulilomwomba fundi atuachie alipoziba dirisha dogo la zamani, usawa wa kifua cha mtoto. Simu zinachajiwa kwenye kibao kidogo chenye matundu ya waya, pale pale kwenye soketi waliyoipenda. Vya kutumika mara chache, masufuria makubwa ya shughuli na taa ya dharura, viko kwenye rafu inayozunguka chumba juu ya usawa wa milango. Ukiweka rafu mahali hapo chumba hakipungui hata inchi moja, na bado sielewi kwa nini watu wanaacha sehemu yote ile bure.

Sakafu tuliiacha saruji yake iliyopigwa niru. Kapeti la plastiki tuliliondoa, lilikuwa linafungia unyevu chini na kutoa jasho. Mkeka unatandikwa wakati wa kula, ukimaliza unakung'utwa nje na kukunjwa kwa kuuviringisha. Usiukunje kwa kuuvunja katikati, unakatika pale pale kila mara.

Pambo la ukutani ni moja. Ni kinyago cha mpingo, watu waliobebana kutoka chini hadi juu, ambacho mjomba wa mume wangu alimpa alipooa. Kwa Wamakonde mjomba ana uzito wake, na kitu alichokupa hukiweki nyuma ya mlango. Tumekiweka kwenye kibao chake, ukuta wa mashariki, mbali na jua la dirishani, kwa sababu mpingo ukikauka ghafla unapasuka. Mara moja moja tunakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Pembeni yake hakuna kitu. Nilishawishika kutundika picha, maua na saa, nikaona kinyago kile kinahitaji nafasi ili kionekane. Picha za familia tumezipanga kwenye ukuta wa kabati, zote pamoja.

Juzi dada mmoja anayepanga chumba kule Chuno alikuja, akapenda, halafu akasema yeye hawezi kitu kwa sababu mwenye nyumba haruhusu hata msumari. Tulikwenda pamoja hadi kwake. Ana chumba kimoja, watoto wawili, na vitu vyote viko kwenye mabegi juu ya kitanda. Tulisogeza kitanda kutoka dirishani. Tukakiinua kwa matofali manne, sasa mabegi yanaingia chini yake. Mwanzi mmoja ulisimamishwa kila upande kwenye ndoo iliyojazwa mchanga, wa tatu ukafungwa kwa kamba juu yake ukiwa umelala, na pazia la kutenganisha kitanda na sehemu ya kukaa likapatikana bila kugusa ukuta. Akihama anahama nalo. Kilichobaki ni meza ya watoto, na hiyo seremala wangu ameshaipima. Miguu yake itakunjwa, ili usiku ikae nyuma ya mlango.